Gamba la Bi Kaa na Pombe ya Mto

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa mvua ya kukunja sura!
Haya, anayetaka kukohoa akohoe sasa. Sipendi kukatizwa.

Nyegere, mbabe wa msitu, alichoka kuumwa na nyuki. Akaokota mawe ya kiberiti, yale ya manjano yanukayo mayai viza, akayachoma chini ya mizinga: fukuu, fukuu! Nyuki wakakimbia, asali akala peke yake. Moshi ukapanda mawinguni, ukashuka na mvua. Mvua ikawa chachu, ikaosha chokaa yote udongoni. Miti ikanyauka, mto ukawa mkali kama ndimu, samaki wakahama. Bi Kaa, mkaazi wa chini ya jiwe, gamba lake likalainika kama chapati ya maji. Siku mbili tatu tena, hata chura angemtafuna bila meno.

Akaenda kusema kweli. "Bwana Nyegere, moshi wako unaniua."

"Moshi huenda juu, mjinga we! Wewe uko chini." Nyegere akacheka, kwe-kwe-kwe.

Hasira zikampanda Bi Kaa mpaka machoni, na macho yake mnajua yalivyo juu. Kesho yake akarudi akiyumba upande upande. Hilo kwake si kazi.

"Umelewa, bibie?"

"Hik! Sijalewa. Na usimwambie mtu kwamba mto unageuka pombe ya asali."

Nyegere akaonja maji. Machachu kweli! "Mbona haileweshi?"

"Haijaumuka. Inataka maganda ya konokono yaliyotwangwa, makapu arobaini, mtoni na chini ya miti maji yanakopita. Na mwiko unaujua: pombe ikinusa moshi, imeharibika."

Nani asiyeujua? Nyegere akazima moto. Akabeba, akamwaga: mtoni, puu! Chini ya miti, puu! Maji yakatoa mapovu, chwiii, chokaa ya maganda ikila uchachu!

"Inaumuka, Bi Kaa! Inaumuka!"

"Ongeza, baba. Ongeza."

Akaongeza. Mvua mpya ikanyesha, safi. Kapu la arobaini lilipomwagwa, akatumbukiza mdomo wote, gu-gu-gu. Akainua uso.

"Haya ni maji!"

"Tena matamu," akasema Bi Kaa, na kwa gando lake jipya, gumu kama jiwe, akamminya pua: kwacha!

Funzo, na asibishe mtu: uongo ni mbaya. Semeni kweli daima, kama Bi Kaa siku ile ya kwanza, hata gamba liishe.

Ngano yangu nimeimwaga mtoni. Mwenye kiu aionje kama imeumuka.