Pigo Moja la Bi. Mwanahija

Sogeeni, na mwenye mkate mdomoni ameze kwanza, maana kisa hiki ni cha mkate.

Walikuwapo watu watatu. Nsia, wakili, alijua kuuliza swali lisilokwepeka. Salha, karani wa bima ya afya, alijua kusoma madai ya matibabu mpaka yakasema yenyewe. Na Mbaruku, fundi mitambo, aliijua mashine kwa mlio wake tu. Kilichowakutanisha ni mkono wa kulia wa Bi. Mwanahija.

Mkono huo uliliwa na mashine ya kukandia unga katika kiwanda cha mikate cha Bwana Shebughe, pale Tanga, Idi ikikaribia. Likabaki gumba peke yake. Shebughe akamwambia usoni, "Uzembe wako, mama. Mbona wenzako hawakatiki?" Wenzake wakanyamaza, kila mtu akihofia kibarua chake. Tangu hapo Mwanahija hakutaka pole ya mtu. Alitaka kumwona yule bwana akinywea, basi.

Nsia akamfungulia Shebughe kesi, kisha akauliza, "Waliowahi kuumia walitibiwa wapi?" Kumbe kila mmoja alipelekwa hospitali tofauti, na huko akaandikishwa kwamba ameumia nyumbani. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Hospitali zilikuwa nyingi, madai yote yaliishia bima moja. Nsia akaomba amri ya mahakama yaletwe, majina yakiwa yamefichwa.

Salha ndiye aliyeagizwa kuyapanga. Akakuta ni mikono ya kulia tu, na mwajiri ni yule yule. Tena hao walioumia "nyumbani" waliongezeka mji ukianza kugombania mikate ya sikukuu. Idi huhama mwaka hadi mwaka, na majeraha yalihama nayo. Wakili wa Shebughe akasimama. "Mheshimiwa, hizo ni takwimu. Takwimu hazikuona mtu akiumizwa."

"Mimi nimeona," akasema Mbaruku kutoka benchi la nyuma. "Idi ikikaribia, tajiri huniamuru niiondoe kinga ya mashine, unga utiwe huku inazunguka. Naiondoa kwa mikono yangu hii." Siku hiyo hiyo akafukuzwa kazi.

Mwanahija akashinda kesi. Mahakama ikaagiza mashine ivunjwe, Shebughe akitazama. Mwanahija, au yeyote amtakaye, aipige pigo moja, kisha ipakiwe kwenye gari la chuma chakavu.

Lo, siku hiyo aliingoja kama mwali aingojavyo harusi. Akaishika nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Gumba peke yake halikuweza, na mkono wa kushoto ulikuwa haujazoea kazi. Nyundo ikamponyoka. Shebughe akatabasamu, na tabasamu hilo likamuuma Mwanahija kuliko mashine.

"Mmoja wenu anipigie," akasema.

"Nipe mimi," akasema Nsia. "Bila swali langu, madai yale yangeozea kabatini hadi leo."

"Na bila macho yangu yangebaki makaratasi," akasema Salha. "Nipe mimi, Bi. Mwanahija."

Mbaruku alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi sistahili, mama. Lakini hawa watakwangua rangi tu, na mwenye gari atamrudishia tajiri kwa mlango wa nyuma. Mimi najua pa kuigonga isiamke tena."

Mwanahija akaitazama mikono ya fundi. Ndiyo iliyoiondoa kinga asubuhi aliyoumia, kisha ikaenda kunywa chai. Aliichukia, na alikuwa na haki ya kuichukia. Nje ya lango, wanawake wengine walikuwa wamekwishapanga foleni kutafuta kazi, maana Idi ilikuwa inakaribia tena.

Shebughe akatazama saa yake.

Haya, nyinyi mliomeza na nyinyi mnaotafuna bado, nyundo ile pale chini. Je, mngemwambia nani aiokote?