Bi. Somoe na Mlango Uliosema Karibu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu wenye njaa. Nataka ya watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wa nyuma sogeeni, moto ni wa wote. Na wewe hapo, rudishia mlango. Leo nina habari za Upepo, sitaki asikie anatajwa.

Hapo zamani za kale, pwani kulikuwa na kijiji kinaitwa Kitunguli. Kijiji chenyewe kidogo: ukipiga chafya mwanzo wa kijiji, unapewa pole mwisho wa kijiji. Hapo waliishi Bi. Somoe na mumewe, Mzee Mfaume. Mfaume alikuwa fundi wa kuezeka. Bi. Somoe alishona makuti. Mke anashona, mume anapanda juu kufunga, na nyumba zote za Kitunguli zilikuwa chini ya mikono ya hao wawili.

Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa na Kuku. Na huyo Kuku, jamani, alikuwa na manyoya marefu shingoni, anaringa nayo kama kavaa mkufu.

Sasa Bi. Somoe alikuwa na neno lake moja. Mtu akisema hodi, hata hajamaliza, Bi. Somoe kaitika, "Karibu!" Mtu akikohoa njiani, "Karibu!" Mbuzi wa jirani akilia, "Karibu!" Siku moja nazi ilidondoka nyuma ya nyumba, puu! Bi. Somoe akaitika, "Karibu!"

Mfaume akamwambia, "Somoe mke wangu, hiyo nazi."

"Kama inataka kuingia, iingie."

Ndivyo alivyokuwa.

Lakini huko nyuma ya mwamba wa baharini alikaa Upepo Mkuu. Si huu upepo wa kupepea wali. Huyu alikuja mara moja kwa miaka mingi, na akija, minazi inalala chini kama majani. Ila alikuwa na adabu moja. Haingii nyumba ya mtu bila hodi. Anapiga hodi ya kwanza, anapiga hodi ya pili, anapiga hodi ya tatu. Asipoitikiwa, anapita zake. Akiitikiwa, anaingia, na nyumba aliyoingia Upepo Mkuu mnaijua inavyobaki.

Kwa hiyo watu wa Kitunguli walifundishana tangu utotoni: Upepo akipiga hodi, ziba mdomo. Na kila walipolisema hilo, walimtazama Bi. Somoe.

Basi siku moja Bi. Somoe, kichwa kimeshajaa mvi, alikwenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Akamkuta Kaa anakwangua mchanga kwa gando lake.

"Kaa, unachora nini?"

"Sichori, bibi. Naandika."

"Unaandika nini?"

"Jina langu. Ka, a. Kaa."

Wimbi likaja, shwaa, likafuta. Bi. Somoe akasikitika. "Maskini, jina lako limekwenda."

"Likienda naandika tena," akasema Kaa. "Bila hili wimbi mimi ningejua kuandika saa ngapi?"

Bi. Somoe akatazama huku, akatazama huku, hakuna mtu. Akainama. "Kaa, na mtu mzima kama mimi anaweza?"

"Kidole unacho?"

"Ninacho."

"Basi. Tuanze na neno unalolisema zaidi kuliko yote. Hilo ulimi umeshalijua, bado kidole tu."

Mnalijua neno gani. Siku ya kwanza wakaandika KA. Siku ya pili wakaandika RI. Siku ya tatu wakaandika BU. Siku ya nne Kaa akasema, "Haya, ziunganishe."

Bi. Somoe akapiga magoti, ulimi nje, jasho linamtoka. Akaandika. Kaa akasogea upande, akasoma. Akacheka mpaka povu likamtoka.

"Bi. Somoe! Umeandika ka-bu-ri! Kaburi! Mgeni wako unamkaribisha chakula, au unamzika?"

Bi. Somoe akafuta haraka kwa unyayo. Njiani kurudi nyumbani alikuwa anajisemea, "Kaburi! Mimi, kaburi!" Mara aone aibu, mara acheke. Msimcheke nyie. Herufi zinazoingia ukubwani zinaingia kwa kusukumana, nyingine zinapita mbele ya wenzao.

Siku ya tano akapatia. KARIBU. Akakimbia nyumbani, akachukua kaa la moto lililozima, akaandika mlangoni kwa nje, herufi kubwa kama mabakuli.

Jioni Mfaume akarudi. "Somoe, nani kaupaka mlango masizi?"

"Hayo si masizi. Hilo neno."

"Linasemaje?"

Bi. Somoe akaweka kidole. "Ka. Ri. Bu."

"Karibu?"

"Karibu."

Mfaume akaingia. Akatoka tena.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nisomee tena."

"Ka. Ri. Bu."

Akaingia. Akatoka tena. Mara ya tatu Kuku akapiga kelele, "Mzee, ingia ukae! Unatuingizia mbu!"

Toka siku hiyo Mfaume hakuingia nyumbani kwake bila kusomewa mlango. Anasimama nje na kamba zake begani, anangoja. Mke anakuja, anaweka kidole, anasoma. Ndipo anaingia.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja bahari iliamka na rangi ya maji ya kuoshea vyungu. Kunguru wote wakaruka kwenda bara, hata mmoja hakusema kwa nini. Hewa ikatulia, ikawa nzito. Halafu nyuma ya mwamba ikasikika: vuuuu!

"Anakuja!" watu wakapiga kelele. Milango ikafungwa, pa! pa! pa! Wanawake wakawapa watoto wachanga ziwa wasilie. Mchanga ukaanza kuruka, unachoma miguu kama sindano. Mnazi mmoja ukavunjika kwa mlio wa mfupa.

Upepo Mkuu akafika nyumba ya kwanza. "Hoooodi!" Kimya. Akafika nyumba ya pili. Kimya. Kila nyumba hodi tatu, kila nyumba kimya.

Akafika kwa Bi. Somoe.

Mfaume alishamkalisha mkewe kitandani, kiganja kimemziba mdomo. Akamnong'oneza, "Mke wangu, nakupenda, ila huo mdomo wako siuamini."

"Hoooodi!"

Koo la Bi. Somoe likapanda, likashuka.

"Hoooodi!"

Macho yakamtoka. Miguu ikacheza yenyewe.

"Hoooooodi!"

Bi. Somoe akamng'ata mumewe kidole, akang'ang'ania hapo hapo. Neno halikutoka.

Nje kukatulia. Mfaume akatoa kiganja, anapuliza kidole. "Umeweza, Somoe! Umeniuma, lakini umeweza."

Ndipo wakasikia sauti nzito mlangoni, inasoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Ka... Ri... Bu."

Wakatazamana.

"Mlango!" akasema Mfaume.

"Mlango," akasema Bi. Somoe.

"Mdomo mmeziba, mlango mmeusahau," akasema Kuku.

Maana Upepo alijua kusoma, nyie. Kitabu chochote ukikiweka dirishani, nani anayekifunua kurasa? Si ndiye? Akasukuma mlango, ukafunguka kwa ndani mpaka ukapiga ukuta. Akaingia.

"Ahsanteni! Tangu nizaliwe sijakaribishwa kwa maandishi. Nikae wapi?"

Bi. Somoe, na hofu yake yote, mgeni ni mgeni. Akasema, "Kaa mkekani." Upepo akakaa mkekani, mkeka ukapaa, ukatoka dirishani.

"Kaa basi kwenye kigoda." Akakaa kwenye kigoda, kigoda kikagonga ukuta, kikawa kuni.

"Kaa kitandani!" Akakaa kitandani, kitanda kikageuka miguu juu, Mfaume chini yake.

Kuku naye alikuwa hewani anazunguka, manyoya ya shingo yanang'oka moja moja. "Mkufu wangu! Mkufu wangu!"

"Nyumba yenu nzuri, ila ndogo," akasema Upepo. "Hebu nijinyooshe."

Akajinyoosha. Paa likanyanyuka.

Mfaume akatoka chini ya kitanda mbio. Kuezeka upya si kitu, makuti yapo. Lakini alikuwa fundi, na fundi mkono wake unakwenda kabla ya akili. Akarukia boriti akaishika. Paa likapanda, na Mfaume akapanda nalo. Miguu ikaacha ardhi.

"Liachie!" Bi. Somoe akalia.

"Sasa nimechelewa, niko juu!"

Bi. Somoe akamrukia, akamkumbatia miguu. "Mfaume, huendi popote! Sijakuruhusu!"

"Somoe wangu, huyu mgeni mwondoe!"

"Upepo, bwana, tafadhali, nenda zako!"

Upepo akacheka, kuta zikatetemeka. "Maneno ya mdomo nayapeperusha mimi kila siku. Mimi nimekaribishwa kwa maandishi. Niage kwa maandishi."

Bi. Somoe akafikiri kwaheri. Kwaheri inaandikwaje? KWA hajafundishwa. HE hajafundishwa. Yeye duniani alikuwa na vitu vitatu tu: KA, RI na BU. Akavigeuza kichwani. Karibu. Karibu. Vikasukumana, kimoja kikapita mbele ya mwenzake, kama siku ile ufukweni.

"Mfaume," akasema, "nikikuachia miguu utaweza kushika mpaka nirudi?"

"Unakwenda wapi?"

"Kuandika."

Mfaume akatazama chini, akamwona mkewe na mvi zake zimesimama wima. Angeweza kusema usiniache. Akasema, "Nenda. Andika vizuri."

Akamwachia. Mfaume akapanda juu, akawa anapepea kama nguo kwenye kamba.

Bi. Somoe akatambaa mpaka jikoni, akachukua kaa lililozima. Akatambaa mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umelala ukutani, ule upande wa maandishi unatazama ndani. KA akaiacha. Iliyobaki akaifuta kwa pindo la kanga. Akaandika BU. Akaandika RI.

"Nimeandika," akasema. "Soma."

Upepo akainama. "Ka..."

"Ehe."

"Bu..."

"Ehe, endelea."

"Ri." Akarudia. "Kaburi." Akatazama kuta nne. Akatazama chini kwenye sakafu ya udongo. "Bi. Somoe, ina maana humu nilimoingia..."

"Mimi sijasema kitu. Umesoma mwenyewe."

Sasa mtu mwingine kaburi analiogopa, lakini si kama Upepo. Shimo lisilo na mlango wa kutokea! Upepo akizikwa si upepo tena, ni hewa tu, imekaa. Akapiga ukelele, "Nifungulieni!" na mlango uko wazi. Akatoka kwa pupa hivi kwamba mchanga wa uani wote ulimfuata. Vuuuu! mpaka nyuma ya mwamba.

Paa likarudi chini. Puu! Likakaa upande kidogo, kama kofia ya mtu anayeringa. Na Mfaume akadondoka juu ya Bi. Somoe, wote wawili chini.

"Uko mzima?" mke akauliza.

"Mzima. Wewe?"

"Mzima. Ila niondokee, unanibana."

Hakuondoka upesi.

Kuku akashuka wa mwisho. Shingo tupu, haina hata unyoya. Ndio maana mpaka leo wapo kuku wa kishingo, na ukiwatazama shingo wanageuza uso. Wana habari ndefu.

Jua lilipotoka, Kaa akaja kumjulia hali mwanafunzi wake. Akafika mlangoni, akasoma, akaangusha magando. "Kaburi! Jamani, Bi. Somoe wangu! Kaondoka na silabi tatu tu!" Akaanza kulia, povu linamtoka.

Kutoka ndani ikasikika, "Karibu!"

Kaa akaruka nyuma. Kisha akachungulia. "Bi. Somoe! Umekosea tena?"

"Safari hii nimepatia, mwalimu wangu. Ingia nikuhadithie."

Basi Mfaume akachonga kibao, akakitia kamba, akakitundika mlangoni. Upande huu mkewe akaandika KARIBU. Upande huu KABURI. Siku za kawaida KARIBU inatazama nje. Bahari ikibadilika rangi, wanakigeuza. Kijiji kizima kikaja kuomba kuandikiwa, na Upepo Mkuu hajakanyaga Kitunguli tena. Anafika kwenye mwamba, anasoma kwa mbali, anarudi.

Imebaki kidogo, usilale wewe.

Baada ya hapo Bi. Somoe akaona mumewe ana tabia mpya. Kila maji yakikupwa, hayupo. "Mzee anakwenda wapi?" Kuku akasema, "Mimi shingo yangu inatosha, usinitie katika mengine." Siku moja akamfuata. Akamkuta kapiga magoti mchangani, ulimi nje, jasho linamtoka, Kaa kasimama pembeni. Wimbi likafuta. Mfaume akaandika tena. Wimbi likafuta. Akaandika tena.

Bi. Somoe, ambaye sasa herufi zote anazo, akasogea nyuma yake akasoma. "So. Mo. E."

Mfaume akashtuka, akataka kufuta.

Kaa akasema, "Nilimwambia aanze na neno analolisema zaidi kuliko yote."

Bi. Somoe akasema, "Mwongo wewe. Kumbe unajua kusoma, na jana tu umesimama mlangoni nikusomee kibao!"

"Nikijua kusoma," akasema Mfaume, "ndio nikose kusomewa?"

Wakarudi nyumbani. Mfaume akasimama nje. Bi. Somoe akaweka kidole kwenye kibao, akamsomea, ka, ri, bu. Wakaingia, na hadithi yangu nimeiacha hapo hapo mlangoni kwao, haikuingia ndani.