Bafu la Bi Nguchiro na Mafundi Watatu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa nao wakioga ndani, mlango umefungwa na kanga imetundikwa msumarini, alikuwako mjane mmoja aliyeitwa Bi Nguchiro. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na wasiwasi wake ulimzidi kimo. Sogeeni. Na wewe uliyelala hapo mkekani, kaa vizuri, maana hadithi hii ina mafundi, na habari za mafundi hazisikilizwi kwa kulala.

Bi Nguchiro alikuwa na binti mmoja tu, Mwanakheri, na binti huyo alikuwa amechumbiwa. Arusi ilikuwa Ijumaa. Alhamisi yake, alasiri, kungwi angekuja na wanawake wote wa mtaa kumsinga mwali: wampake singo la liwa na manukato, wamsugue, wamwogeshe katika bafu la mama yake. Ndivyo ada yao ilivyokuwa. Binti anaingia bafu la kwao akiwa mwali, anatoka bibi arusi.

Lakini bafu lenyewe lilikuwa limechoka. Bomba linavuja, ukuta unabanduka, sakafu ina ufa wa kuingiza mkono. Bi Nguchiro akasema, mwanangu hataogea humu, nalifanya upya lote. Akaita mafundi watatu waliosifika mji mzima: Bwana Nyati, mwashi, Bwana Tembo, fundi bomba, na Bwana Kifaru, fundi wa marumaru.

Siku ya kwanza wakaja wote watatu, wakabomoa. Bu! Bu! Gwagwagwa! Hakuna fundi asiyependa kubomoa. Kabla ya adhuhuri bafu lilikuwa shimo. Wakanywa chai, wakamaliza maandazi, kisha kila mmoja akaacha chombo chake humo ndani: Nyati mwiko wake wa kupigia lipu, Tembo spana yake, Kifaru nyundo yake ya mpira ya kugongea marumaru.

"Kesho asubuhi na mapema, bibi," wakasema, wakaenda zao.

Wiki mbili zikapita.

Mtauliza, kwa nini asitafute mafundi wengine? Mji ule ulikuwa na desturi yake. Chombo cha fundi kikilala kwenye kazi, kazi ina mwenyewe, na fundi mwingine haigusi. Na mwenye nyumba akikitoa nje ya kizingiti, basi amemfukuza fundi, na hakuna fundi yeyote atakayekanyaga kwake mwaka mzima. Desturi hiyo waliitunga mafundi wenyewe, msiniulize mimi.

Kila siku Bi Nguchiro alizunguka mji kuwatafuta.

"Nitapiga lipu vipi, na Tembo hajapitisha mabomba?" akasema Nyati. "Kamwone Tembo."

"Nitapitisha mabomba vipi, nami sijui Kifaru atapandisha marumaru mpaka wapi?" akasema Tembo. "Kamwone Kifaru."

"Marumaru nizibandike kwenye nini, bibi, kwenye upepo?" akasema Kifaru. "Ukuta hauna lipu. Kamwone Nyati."

Akazunguka hivyo mpaka nyayo zikamwaka moto. Usingizi ukamkimbia, chakula kikawa hakipiti kooni.

Jumamosi, siku tano kabla ya kusingwa, akaja Bi Fungo, mama yake bwana arusi. Hakukaribia kiti. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa bafu, akachungulia shimo, akafunika pua, yeye Fungo ambaye harufu yake hutangulia kufika kuliko yeye.

"Mkwe mwenzangu," akasema, "hapa ndipo atakapoogea mwali wetu?"

"Mafundi wanakuja kesho," akasema Bi Nguchiro.

"Mafundi siku zote wanakuja kesho. Basi tusisumbuane. Alhamisi saa tisa nikikuta hapa hapajawa bafu, mtoto atasingwa kwangu. Watu watasema la kusema, lakini ataoga."

Watu watasema la kusema! Bi Nguchiro alilijua hilo la kusema. Watasema mjane ameshindwa hata ndoo ya maji ya kumwogeshea mwanawe.

Bi Fungo alipoondoka, Mwanakheri akaja, akamshika mama yake bega. "Haidhuru, mama. Nitaoga kwao. Maji ni maji."

Lakini alisema hayo akiangalia pembeni, na mama akaona kidevu cha mwanawe kinatetemeka. Hapo moyo ulimuuma kuliko maneno yote ya Bi Fungo.

Akaingia shimoni peke yake, akakaa juu ya tofali, akavitazama vile vyombo vitatu. Akakumbuka siku ile ya kwanza. Tembo alitazama bomba la zamani akasonya: "Nani alikufanyia kazi hii? Huyu si fundi." Nyati alitazama ukuta, akauliza hivyo hivyo. Kifaru alitazama sakafu, naye hivyo hivyo. Fundi anaweza kuvumilia njaa na jua, lakini mkono wa mwenzake hauvumilii.

"Desturi inasema chombo kisivuke kizingiti," Bi Nguchiro akajiambia polepole. "Haikusema kisihame."

Akauchukua mwiko wa Nyati, akaulaza juu ya mabomba ya Tembo. Kisha akatoka, mbio, kumtafuta Tembo.

Jumapili asubuhi alimkuta Tembo kwa Bi Twiga, anafunga tangi.

"Usinianze, bibi," akasema Tembo. "Nimeshakwambia, kamwone Kifaru."

"Sikuja kukusumbua, bwana fundi. Nina swali dogo tu. Kuna mwiko juu ya mabomba yako. Ni wako?"

Tembo akageuka, masikio yakasimama. "Mwiko? Mimi fundi bomba, mwiko wa nini?"

"Ndiyo nikauliza."

"Mwiko wa Nyati, juu ya mabomba yangu?"

"Mimi ni mjane, bwana, vyombo vya mafundi sivijui. Nikasema nije nikuulize mwenyewe."

Tembo huyo, mbio. Alikwisha kuliacha tangi la Bi Twiga likining'inia upande mmoja. Ardhi ikatikisika, ti, ti, ti, mpaka kwa Bi Nguchiro. Mwili haukuingia mlangoni, akapitisha mkonga dirishani, akaurusha mwiko pembeni, akaanza kazi. Mkonga ulipima, ukakata, ukaunga. Jua halijazama mabomba yote yalikuwa ukutani. Akafungulia maji kuyajaribu, wala tone halikudondoka.

"Mwambie Nyati," akasema akiweka spana chini, "bomba lina wenyewe. Nitarudi kufunga koki marumaru zikishawekwa."

"Ahsante, bwana fundi," akasema Bi Nguchiro.

Jumatatu ikawa zamu ya nyundo ya mpira, kulala juu ya mchanga wa Nyati.

"Kifaru?" Nyati akafoka aliposikia. "Kifaru apige lipu? Yule hata uji hawezi kuukoroga."

Akaja akipuliza moshi puani. Pembe zikakwama mlangoni, akazipindua, akaingia ubavuubavu. Akachanganya udongo, akapiga lipu, pwa, pwa, pwa, ukuta ukanyooka ukawa laini kuliko sahani. Alipomaliza akamtazama Bi Nguchiro kwa ukali. "Ikauke siku mbili. Mtu asiguse."

Siku mbili. Na hapo, watoto wangu, ndipo hila ilipofika ukingoni. Fundi ukimtia wivu atakimbia, lakini lipu haina wivu. Bi Nguchiro alichukua ungo akaupepea ukuta mpaka mikono ikafa ganzi. Anagusa kwa kidole, mbichi. Anapepea, anagusa, bado mbichi.

Jumanne saa nne, hodi ikabishwa. Kifaru alisimama mlangoni.

"Nimekuja kuchukua nyundo yangu," akasema. "Chui ana sebule anataka niimalize wiki hii."

Bi Nguchiro akapiga hesabu haraka. Nyundo ikiondoka, fundi ameondoka, na Chui hana sebule ndogo. Akasema, "Ngoja nikuletee kiti, bwana," akachomoka ndani, akaiokota spana ya Tembo, akaiweka juu ya maboksi ya marumaru. Kishindo cha Kifaru kilikuwa tayari nyuma yake.

Kifaru ana macho mabovu, mnajua. Aliinama mpaka pembe ikagusa boksi. Akanusa.

"Hii spana inafanya nini hapa?"

"Sijui, bwana. Labda mwenyewe anajua."

"Nazibandika sasa hivi," akasema Kifaru, akaanza kupasua boksi.

"Lipu mbichi, bwana fundi. Zitaanguka zote. Mpaka kesho."

"Ili Tembo aniwahi?"

Basi hakuondoka. Alikaa mlangoni pa bafu kama komeo, mchana na usiku, akilinda marumaru zake. Alikula wali wa nyumba nzima. Bi Nguchiro alipepea ukuta juu ya kichwa chake, na kila akisikia nyayo njiani alidhani ni Tembo au Nyati, akakimbia kuchungulia.

Jumatano lipu ikakubali. Kifaru akaanza, ko, ko, ko, marumaru moja baada ya nyingine, jioni akaendelea, alfajiri ya Alhamisi akawa anajaza saruji kwenye viungio vya marumaru. Bafu likang'aa. Bado koki, bado bomba la mvua. Kifaru akiwa bado ameinamia viungio, Bi Nguchiro akaiweka nyundo ya mpira juu ya boksi la koki, akaenda kumwita Tembo.

Tembo akaja mbio, akapitisha mkonga dirishani, na mkonga ukamgonga Kifaru kisogoni.

"Nyundo yako inafanya nini kwenye koki zangu?"

"Na spana yako ilifanya nini kwenye marumaru zangu?"

"Spana yangu? Wakati mwiko wa Nyati..."

Na nani akabisha hodi wakati huo? Nyati mwenyewe, kaja kuchukua mwiko wake. Wakaulizana, wakasimuliana, kila mmoja alichokikuta na lini alikikuta. Kisha vichwa vitatu vikubwa vikageuka kumtazama Bi Nguchiro. Saa saba ilikuwa imekwisha kupita.

"Ni mimi," akasema. "Niliwafuata kwa heshima wiki mbili, mkanizungusha. Binti yangu anasingwa leo. Sikuwa na nguvu nyingine."

"Umetuchezea," akasema Kifaru, akainamisha pembe kuelekea ukuta. "Marumaru ni zangu. Navunja."

"Vunja," akasema Bi Nguchiro, na machozi yakamlenga. "Mimi siwezi kukuzuia."

"Ngoja kwanza," akasema Nyati. "Nyuma ya marumaru hizo kuna lipu yangu. Ukiipasua tutaonana."

"Na nyuma ya lipu kuna mabomba yangu," akasema Tembo. "Mtu asiyaguse."

Kifaru akabaki na pembe yake hewani. Kazi yake hakuweza kuivunja bila kuvunja ya mwenzake, na wenzake ni Nyati na Tembo. Akashusha pumzi, akarudi nyuma hatua moja.

Ndipo vigelegele vikasikika mwisho wa mtaa. Wanawake walikuwa wanakuja mapema, na sauti ya Bi Fungo ilikuwa juu ya zote. Bi Nguchiro akalitazama lile boksi la koki ambalo halijafunguliwa.

"Bwana Tembo," akasema, na safari hii hakuwa na hila yoyote, "mji mzima utaingia humu sasa hivi. Ukuta wataona, na marumaru wataona. Wakitafuta maji, watauliza nani alikuwa fundi bomba. Nitawajibu."

Tembo akamtazama Nyati, akamtazama Kifaru. Wote wawili walikuwa wameanza kutabasamu. Akakohoa, akapasua boksi. Mkonga ulienda mbio ambazo haujawahi kwenda. Kri, kri, kri, koki ikakaa. Kri, kri, kri, bomba la mvua likakaa. Kungwi, Bibi Kobe, alipofika na bakuli la singo, aliwakuta madume matatu uani.

"Nyie mnatafuta nini kwenye kusinga?" akawauliza. "Hamna haya?"

Wakatoka wamejikunja, wakubwa wote wale, wakinyata mbele ya wanawake.

Bi Fungo akaingia bafuni. Akapitisha kidole kwenye viungio, akagonga ukuta, akatafuta kasoro mpaka akachoka. Kisha akatoka, akavua kanga ya begani, akaitandika chini kwa heshima mlangoni ili mwali aikanyage.

Mwanakheri akaingia na kungwi. Mlango ukafungwa. Bi Nguchiro akabaki nje, ameshikilia fremu ya mlango. Kimya. Kisha, shaaa, maji yakashuka.

"Mama," Mwanakheri akaita kutoka ndani, anacheka, "yanatoka mengi."

Bi Nguchiro akakaa chini pale pale alipokuwa, akalia kilio chake chote cha wiki mbili, na hakuna aliyemnyamazisha.

Nami nimefika mwisho, watoto, lenu ni hili moja: aliyekushinda nguvu usimvute, mwoneshe mwenzake amekaa mahali pake, atakuja mwenyewe.