Bi Chura Alivyovilaza Vipele vya Kifaru

Hodi masikioni!
— Pita, hatujalala!
Nije na nini?
— Njoo na uongo mtamu!
Ni wa nani?
— Wako, sisi twauazima tu!

Haya. Hapo kale palikuwa na Kifaru. Mkubwa, mzito, mlafi wa kila kitu. Akiona majani, yote yake. Akiona kivuli, chote chake. Kiangazi kikaingia, madimbwi yakakauka, likabaki dimbwi moja tu bonde zima. Kifaru akalitazama, akasema, "Langu."

Na alikuwa na sababu, maskini. Ngozi yake ilijaa vipele toka shingoni hadi mkiani, vinawasha usiseme. Yeye aliamini vipele ni uchafu, na uchafu dawa yake kusuguliwa. Si mnajua mama zenu wanavyowakwangua kwa dodoki mkipelekwa harusini? Basi Kifaru alijisugua kwa majani ya msasa, yale magumu ambayo mafundi hulainishia mbao. Alfajiri yumo majini, kwaru kwaru kwaru! Mchana maji yamepata moto kwa jua, bado yumo, kwaru kwaru kwaru! Kipele kikivimba, anakitumbua kwa mwiba. Jua linatua ndipo anatoka, ngozi inamwaka, anawashwa kuliko alivyoingia. "Bado ni mchafu," anasema. "Kesho nitajisugua zaidi."

Wewe huko nyuma, acha kujikuna, nakuona.

Sasa, mle dimbwini walikuwamo watoto wa Bi Chura. Viluwiluwi, mikia mitupu, hawana hata mguu mmoja wa kukimbilia. Kila Kifaru alipoingia, pwata! pwata! alikanyaga kadhaa. Bi Chura alilia, jamani, alilia mpaka macho yakamtoka vile mnavyoyaona. Akamwendea kumsihi, "Bwana Kifaru, wanangu wamo humo." Kifaru akajibu, "Wahame." Watahamaje bila miguu?

Kesho yake Bi Chura akafuta machozi, akaketi ukingoni.

"Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Sina nafasi ya salamu, nawashwa!"

"Lazima uwashwe. Umeviamsha."

"Nimewaamsha kina nani?"

"Vipele. Hujui kuwa vipele hulala? Ukivisugua vinaamka, vikiamka vinacheza ngoma. Huko kuwashwa ndiyo ngoma yenyewe."

Kifaru akamkodolea macho. "Mbona wewe una vipele mgongo mzima?"

"Ninavyo. Umewahi kuniona najikuna?"

Kifaru akawaza. Akawaza tena. Hajawahi.

"Vyangu vimelala tangu nizaliwe," akasema Bi Chura. "Ukitaka, nitavilaza na vyako. Ila utanisikiliza. Usivisugue. Usivitumbue. Usikanyage dimbwini. Asubuhi jimwagie kata kumi za maji ya mtungini, maji baridi yaliyochotwa ukingoni yakalala kivulini. Halafu, ngozi ikiwa bado ina unyevu, jipake mafuta ya ufuta. Fanya hivyo mpaka mwezi mwingine uandame."

"Kata kumi tu? Nitajimwagia mia, nipone upesi!"

"Kata ya kumi na moja inaviamsha."

"Aa! Basi kumi," akasema Kifaru, akatoka majini.

Ikawa hivyo. Asubuhi maji, mwaa! Mafuta, nyaa nyaa! Kisha Kifaru anauliza, "Bi Chura, vimelala?" Bi Chura anatega sikio gotini pa Kifaru. "Sss! Vinapiga miayo." Na majini, watoto wakaota miguu ya nyuma.

Maji, mwaa! Mafuta, nyaa nyaa! "Bi Chura, vimelala?" "Sss! Vimejifunika shuka." Na majini, watoto wakaota miguu ya mbele.

Mchana mmoja Kifaru akashindwa kuvumilia. Akachuma msasa mdomo mzima, akashika njia ya dimbwini, du! du! du! Bi Chura roho ikamruka. Akarukia puani pa Kifaru, chwap! Akaimba kwa sauti ya kutetemeka:

"Lala kipele, lala,
atakayekugusa ana balaa, lala!"

Kifaru akasimama. Akatema msasa. Akaitikia kwa sauti nene, "Lalaaa." Wakaimba, wakaimba, mpaka Kifaru mwenyewe akalala palepale njiani. Bi Chura akabaki puani pake hadi jioni, hathubutu kushuka.

Mwezi ukaandama. Kulipokucha, watoto wakatoka majini, wote wana miguu, chup! chup! chup! Kitoto kimoja kikaparamia ukucha wa Kifaru.

"Hawa ni wako?" Kifaru akauliza.

"Wangu."

"Walikuwa humo mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

Kifaru akalitazama dimbwi, kisha akawatazama wale watoto.

"Kumbe vipele havilali," akasema Kifaru.

"Havilali, Bwana. Nilikudanganya mwanzo hadi mwisho. Nilitaka utoke majini tu."

Kifaru akajitazama ubavuni. Vipele vilikuwa vichache, vimetulia, haviwashi. "Sasa mbona nimepona?"

"Na mimi nashangaa tangu juzi!"

Kifaru alicheka, alicheka mpaka ndege wakaruka. Kisha akakitazama kile kitoto ukuchani, akawakumbuka wale aliowakanyaga. Akaona haya. Akainamisha pembe yake mpaka chini, akasema taratibu, "Mwakani ukitaga, Bi Chura, njoo unidanganye mapema."

Basi ngano hii yatufunza nini? Yatufunza kwamba uongo ni mbaya, haujamsaidia kiumbe yeyote. Pia kwamba vipele ni uchafu tu, nendeni mkajisugue.

Yangu yameishia hapo. Aliyesinzia asiniulize.