Alama ya Dole Gumba

Kabla sijasimulia, nikiri la kwangu. Mwaka mmoja mke wangu alimchemshia mtoto wetu yai, nami nikalitoa sahanini nikalila, huku nikisema mtoto anayezoeshwa mayai hukua mwizi. Sikuwa na elimu yoyote ya hilo. Nilikuwa nalitamani, basi. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Inasimuliwa kwamba katika waja wa zamani alikuwako mkulima wa mtama aitwaye Muhidini, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na kila asubuhi maziwa yote aliwapelekea wageni wa msikiti, akitaraji thawabu. Nyumbani alikula barazani, kama wanaume wote wa pale. Kilichobaki sahanini ndicho kilichorudi ndani kwa mama na mtoto. Mwanawe wa kwanza, Thabiti, alifariki akiwa na miaka miwili. Muhidini hakulia, na watu wakamsifu kwa subira yake.

Akazaliwa Rukaya. Alipoachishwa ziwa alivimba mashavu na miguu, nywele zikawa rangi ya kutu. Baba akafurahi.

"Tazama, Mama Thabiti, mwanao ananenepa kwa uji mtupu. Hiyo ni baraka ya sadaka."

"Aliyenenepa hucheka, Baba Thabiti. Huyu hajacheka tangu mwezi ulipoandama."

Asubuhi hiyo alikuwapo Bi Salha, ajuza aliyeosha maiti za wanawake na watoto wa kijiji. Muhidini alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa, anatoka. Ajuza akamwambia, "Bwana, mbonyeze mtoto mguu kwa dole gumba."

Akabonyeza. Alipoondoa kidole, shimo likabaki.

"Huo si unene, ni uvimbe wa njaa. Thabiti alikuwa hivihivi," akasema Bi Salha. "Nilipomwosha, alama za vidole vyangu zilibaki hata nikamvika sanda. Nikanyamaza kwa kukustahi. Na hilo nitaulizwa."

Muhidini akaketi chini, akamimina maziwa kikombeni. Mtoto akamgeuzia uso, kwani hakuuzoea mkono wake. Siku nne alikataa, akayapokea kwa mama tu. Ya tano akanywa kwa baba, kidogo kidogo.

Wenzake wakamtania: "Safu ya kwanza ina pengo. Yaya wetu yuko jikoni."

Ijumaa akasimama mbele yao akasema, "Msinisifu tena kwa subira. Siku ya kufa ya Thabiti aliiandika Mola. Njaa yake niliileta mimi."

Rukaya aliishi, ingawa alichelewa sana kutembea. Na husemwa kwamba hadi uzeeni Muhidini hakupita kaburi la Thabiti bila kuinama na kubonyeza udongo wake kwa dole gumba.

Ndugu yangu, tunaitoa sadaka mbali, hali mwenye haki yuko ndani, amelala na njaa. Mimi si mbora wako, nimekwishakueleza la yai. Nakuomba jambo moja: leo ukiletewa chakula, usianze. Mwite mtoto wako, mlishe kilicho bora kwa mkono wako mwenyewe, ndipo ule.