Aliyemvusha Tupokigwe

Sogeeni karibu. Mwenye jibu la haraka na aliweke chini kwanza, maana hadithi hii imeshagombanisha watu waliopendana, na sitaki iwagombanishe na nyinyi.

Kule nyanda za juu kusini, ambako mvua hunyesha mpaka watu wakasahau vumbi lina rangi gani, kuna mto unaitwa Lufigo. Unatoka milimani, unaingia msituni, na humo msituni hautiririki, unaanguka. Unaruka mawe, unajipinda, unatoa povu kama maziwa yanayofurika sufuriani. Kiangazi kikifika, wageni huja kutoka mbali kuuteremka kwa boti la mpira. Wanavaa kofia ngumu na majaketi ya kuelea, wanapiga mayowe, na wakifika chini salama wanakumbatiana kama waliofufuka. Wenyeji huwacheka. "Wenzetu wanaifuata hofu," husema. "Sisi inatufuata yenyewe."

Waliokuwa wakiwateremsha wageni hao walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Subilaga, mwanamke asiye na maneno mengi. Kipaji chake kilikuwa macho. Aliutazama mto kama mama anavyoutazama uso wa mtoto wake, akajua ndani kuna nini. Maji yakikunjamana hapa, alijua chini pana jiwe. Yakitulia pale, alijua ndipo pa kuogopa.

Wa pili aliitwa Asegelile. Kipaji chake kilikuwa mikono. Yeye alikaa nyuma na kasia refu la kuongozea. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku aliyozaliwa alimshika mkunga kidole, ikabidi waitwe watu wa kumbembeleza akiachie.

Wa tatu aliitwa Ipyana, kijana mcheshi ambaye hakuwa ameoa. Kipaji chake kilikuwa pumzi. Alizama majini mpaka walio juu wakaanza kumlilia, kisha akaibuka upande wa pili anauliza nani amekufa.

Watatu hawa walikula sahani moja, na aliyewapikia kambini alikuwa Tupokigwe, mjane kijana. Mumewe alifariki akamwacha na mimba changa. Ndugu za mume hakuwajua, na kwao alibaki na mama yake tu, Bibi Syabumi.

Masika yakaingia. Wageni wakaondoka, boti likawekwa stoo. Mvua ikanyesha, ikanyesha, hata asubuhi moja watu wakaamka daraja halipo. Na barabara ya kwenda hospitali ilipita juu ya daraja hilo.

Ndipo uchungu ukamshika Tupokigwe, kabla ya siku zake. Mkunga wa kijiji akampapasa tumbo, akampapasa tena. "Mtoto amekaa vibaya," akasema. "Huyu si wangu. Huyu ni wa hospitali."

Tupokigwe akaja kambini kwa miguu yake, ameegemea bega la mama yake. Akawakuta watatu wale wamesimama ukingoni.

"Kaka Asegelile," akasema, "nipelekeni na boti, mto unashuka hadi karibu na hospitali. Kila siku mnawapeleka watu wanaocheza. Mimi sichezi."

Asegelile akautazama mto. Ulikuwa umegeuka rangi ya udongo, umebeba magogo. "Dada yangu, maji haya hayapitiki leo."

"Subiri yapungue," Subilaga akasema. "Tutakwenda kesho."

"Kesho asubuhi na mapema," Ipyana akaongeza. "Mimi mwenyewe nakuahidi."

Tupokigwe hakubishana nao. Aliwatazama mmoja mmoja, akasema, "Haya, kesho," akageuka na mama yake wakarudi nyumbani polepole.

Kesho ikafika. Mto haukupungua, ulikuwa umeongezeka. Na Tupokigwe hakuweza tena kutembea, ikabidi aletwe amebebwa. Basi wakaingia kwenye maji mabaya kuliko yale waliyoyakataa jana. Jaketi la kuelea halikufunga kwenye tumbo lake, wakalikaza kwa khanga. Wakamlaza katikati ya boti, juu ya blanketi. Bibi Syabumi akabaki ukingoni. "Nendeni," akasema, "nisiwe uzito."

Poromoko la kwanza wenyeji huliita Mama Mkwe, kwa kuwa hapo hupiti bila kuinamisha kichwa. Miaka yote njia yake ilikuwa kulia, na Asegelile alikwishageuza boti kulia, mkono umezoea. Lakini Subilaga, aliyekaa mbele, aliona kitu. Maji ya kulia yalikuwa yanaingia ila hayatoki. Yalikuwa kama yananywewa.

"Kushoto!" akapiga kelele.

"Kushoto ni mwamba!"

"Kushoto, Asegelile! Kulia kuna mti!"

Asegelile hakuona mti wowote. Lakini alimwamini, akageuza. Boti likaukwangua mwamba, likapita likilia. Walipotazama nyuma wakauona: mkuyu mzima umelala chini ya maji, matawi yake yamefumana kama wavu. Wangeingia kulia, asingeibuka mtu.

Poromoko la pili huitwa Chungu. Hapo maji huanguka, yakajirudia, yakazunguka kama ugali unaosongwa. Boti lilipotua ndani halikutoka. Likawa linazunguka na kujaa maji, na Tupokigwe ameshika kamba kwa mikono miwili akisema, "Msiniache humu, jamani, msiniache humu." Asegelile akasimama, akabana miguu chini ya ukingo wa boti, akachomeka kasia kwenye maji yanayotoka, akavuta. Kasia likapasuka. Akavuta kwa kipande kilichobaki. Kitu kikachanika begani mwake, akakisikia kama kitambaa kinavyochanwa, na hakuacha. Mwishowe pua ya boti ikachomoka, mkondo ukalikamata, wakatoka. Tangu siku hiyo mkono wa kulia wa Asegelile haufiki juu ya kichwa chake.

La tatu ni Kisu. Mto wote unaingia kwenye ufa mmoja kati ya majabali mawili. Boti lilisimama kwa ubavu, wimbi likalipiga, na walipofumbua macho Tupokigwe hakuwamo. Jaketi lake lilikuwa linaelea peke yake, khanga inalifuata. Ipyana hakuuliza, hakuvua chochote. Alijitupa. Subilaga na Asegelile wakabaki wanaita, mara jina la huyu, mara jina la yule, mara jina la Mungu. Ipyana alipoibuka alikuwa amemkumbatia Tupokigwe kifuani, lakini boti nalo lilikuwa linawajia, linawasukumia jabalini. Akamgeuza Tupokigwe upande wa pili, akatanguliza mguu wake mwenyewe. Mfupa ukavunjika. Alisema neno moja tu: "Mchukueni yeye kwanza."

Baada ya Kisu, Lufigo huwa mto wa kawaida. Huko chini, karibu na hospitali, watu waliwaona, wakakimbia na machela. Tupokigwe alikuwa anapumua kwa shida, lakini akili yake ilikuwa timamu. Walipomnyanyua akasema, "Ngojeni. Nisikilizeni. Nisipotoka huko ndani, mtoto wangu alelewe na aliyenivusha."

"Utatoka, dada," Subilaga akamwambia. "Acha maneno hayo."

"Aliyenivusha," akarudia, macho ameyafumba. Wakamchukua.

Hakutaja jina. Pengine alidhani linajulikana. Pengine kwake wote watatu walikuwa mtu mmoja. Hakuna aliyemuuliza, maana kumuuliza kungekuwa kukubali kwamba hatatoka.

Daktari alimpasua, na mtoto akalia, mtoto wa kike mwenye sauti. Mama yake hakuamka. Daktari, mama mmoja mpole, alitoka akawakuta watatu wale kwenye benchi, Ipyana amefungwa mbao mguuni. Akawaambia, "Mmefanya jambo ambalo wachache wangethubutu. Lakini alikuja amechoka mno. Mwili wake ulikuwa umeanza kushindwa tangu jana." Hakulisema ili kuwaumiza, hakujua. Wao walitazama sakafu.

Mtoto akarudishwa kwa Bibi Syabumi. Matanga yakaanuliwa, na siku zikapita. Bibi alimlea kwa maziwa ya mbuzi na kwa msaada wa jirani mwenye kunyonyesha, lakini macho yake yalikuwa yanafifia, na alishaanza kupapasa ukuta akitembea. Akawaita watatu wale nyumbani kwake.

"Wanangu," akasema, "mimi nimebakiza safari fupi. Mwenzenu aliacha neno. Niambieni, aliyemvusha ni nani? Huyo ndiye nitakayemkabidhi mtoto."

Subilaga akaanza. "Bibi, nisingeuona ule mti, wote tungeishia pale pale. Wenzangu hawa wasingepata Chungu cha kutokea wala Kisu cha kuruka. Na mimi sina mtoto. Nimeishi na mume miaka, akaondoka kwa sababu hiyo. Mtoto huyu sitamchanganya na mwingine, maana mwingine sina."

"Wewe ulisema neno, dada," Asegelile akajibu. "Neno halivuti boti. Bibi, tulikuwa tumekwisha mle ndani ya Chungu. Mkono huu ndio uliotutoa, na mkono huu sasa haunyanyui jembe. Nyumbani mke wangu ananyonyesha, watoto wapo, mtoto hatakuwa mpweke. Huko kwingine atakua akimtazama mtu mmoja mchana kutwa."

"Nyinyi mlilivusha boti," Ipyana akasema. "Mimi nilimvusha Tupokigwe. Alipokuwa chini ya maji hakuwa na boti wala kasia wala macho ya mtu. Alikuwa na mimi. Najua sina mke, najua nachechemea. Lakini nilimshika yeye na mtoto tumboni, wote wawili kwa pamoja. Nani mwingine anaweza kusema hivyo?"

"Angekuwa amefungwa vizuri lile jaketi asingeanguka," Asegelile akasema. "Nani alilifunga?"

"Wewe ungekuwa na nguvu unazojisifia, boti lisingesimama kwa ubavu," Ipyana akamrudishia.

"Na mimi ningenyamaza pale Mama Mkwe," Subilaga akasema, "leo kusingekuwa na wa kubishana nami."

Maneno yakawa makali. Watu waliokula sahani moja wakaambiana mambo ambayo hayarudi mdomoni. Mtoto akaamka, akalia, na hapo ndipo wakanyamaza.

Ipyana akainamisha kichwa. "Bibi," akasema kwa sauti ya chini, "nisikilize. Labda hastahili hata mmoja wetu. Alitujia jana yake. Alikuja kwa miguu yake, mto ukiwa na nafuu, tukamwambia asubiri. Mimi nilimwahidi kesho."

"Mimi ndiye niliyeitaja kesho," Subilaga akasema.

"Mimi nilisema hayapitiki," akasema Asegelile. "Tena siku iliyofuata yalipitika, yakiwa mabaya zaidi."

Watu husema majuto ni mjukuu. Bibi Syabumi alikuwa na vyote viwili mapajani. Akamtikisa mtoto kidogo mpaka akatulia.

"Mnadhani sijui?" akawaambia. "Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake. Mimi mama yake nami sikusema neno. Ningepiga kelele siku ile, pengine mngekwenda. Basi tuko wanne. Lakini wanangu, mtoto hawezi kulelewa na majuto. Majuto hayamwoshi wala hayampiki uji. Nataka mikono miwili. Nendeni, mkikubaliana mrudi."

Hawajakubaliana. Kiangazi kilirudi na wageni wakaja, lakini boti linateremshwa na watu wengine, maana watatu wale hawawezi tena kukaa ndani ya chombo kimoja. Wakikutana gulioni, mmoja hugeukia vitunguu, mwingine hugeukia samaki. Kila mmoja hupita kwa Bibi kwa wakati wake: Subilaga humwogesha mtoto, Asegelile huleta maziwa, Ipyana humkalisha kwenye goti zima akamwimbia. Kila mmoja akiondoka, mtoto hulia.

Jina hajapewa, kwa sababu atakayemlea ndiye atakayempa. Watu wanamwita Kichanga. Lakini sasa anatambaa, anashika kingo za viti anasimama, wala si kichanga tena. Na Bibi Syabumi haoni tena uso wa mtu. Anawajua watu kwa sauti zao.

Juzi amesema amechoka kungoja watatu wale. Amesema atamuuliza mtu yeyote anayejua kusikiliza, na nyinyi mmesikiliza mpaka mwisho. Msiniambie agawanywe, mtoto si muhogo. Msiniambie abaki na bibi, bibi anakwenda. Kuna aliyeona, kuna aliyevuta, kuna aliyezama. Na wote watatu walisema kesho.

Haya, wewe uliyekaa hapo: ungekuwa wewe ndiye unayemtoa mtoto yule mapajani mwa bibi yake, ungemweka mikononi mwa nani?