Kigoda Kando ya Kinyago

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na anayetafuna amalize, maana hadithi hii haipendi kelele.

Alikuwepo mkulima wa mpunga, Makame Shungi, aliyechoka kufukuza ndege. Jini akamchongea kinyago cha mti, akakitia fimbo mkononi. "Kitafanya utakaloagiza," akamwambia. "Ila ukae nacho, maana hakisikii neno la mtu ila lako."

Makame akakiagiza, "Mpige yeyote agusaye mpunga wangu!" Kisha huyoo, akaenda zake kucheza bao.

Siku ya kwanza kilipiga ndege, Makame akacheka. Siku ya pili kikamvunja mguu mbuzi wa jirani, jirani akaja juu. "Si mimi bwana," Makame akasema, "ni kinyago."

Siku ya tatu mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, alimletea uji shambani. Hakumkuta. Akachuma punje moja aing'ate, ajue kama mpunga umeiva. Pa! Mkono ukavunjika. Makame akaja mbio.

"Mama, si mimi, ni kinya..."

"Kinyago hakinijui, mwanangu," mama akasema, ameushikilia mkono wake. "Wewe unanijua. Ulikuwa wapi?"

Makame akakiamuru kinyago kiweke fimbo chini, akaleta kigoda, akakaa kando ya kinyago hicho mpaka uzeeni.

Kabla ya kufa alikiagiza kinyago kiwasikie na wanawe. Alipokufa, shamba alirithi mwanawe wa kiume, kinyago akarithi binti yake. Kigoda walikirithi wote wawili, na kikiwa kitupu, fimbo haishikwi.